MHINA: RANGI YA HARUSI NA DAWA YA NYAYO

Nyuma ya nyumba nyingi katika miji ya Pwani ya Kenya, toka Pate na Lamu mpaka Mombasa na Vanga, huonekana mti mdogo wenye majani membamba ambao mgeni atokaye bara huupita bila kuujali. Hauna tunda la kuliwa, kivuli chake ni haba, na matawi yake ya zamani yana miiba. Lakini wenye nyumba hawakubali ukatwe. Harusi ikaribiapo, watoto hutumwa na vikapu kwenda kuchuma majani yake. Na mkulima arudipo shambani na nyayo zilizopasuka huambiwa aoshe miguu, aketi, angoje kinu. Mti huo ni mhina, na majani yake yakisha kutwangwa ndiyo hina.

Watu wengi huijua hina kwa urembo wa bibi arusi tu. Upande wake wa dawa haujulikani sana, nao una mambo mawili ambayo yapasa kuelezwa pamoja, kwa kuwa ajuaye moja tu aweza kupotea. Jambo la kwanza ni kwamba wazee hawakukosea: jani hili lina nguvu ya kweli juu ya ngozi, na sababu yake imekwisha kujulikana. Jambo la pili ni kwamba nguvu hiyo hiyo, ikipakwa juu ya mwili wa mtoto mchanga, imehatarisha maisha ya watoto waliozaliwa wazima.

MTI WENYEWE

Wataalamu wa mimea huuita mhina kwa jina la Kilatini, Lawsonia inermis, lililotolewa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Maana ya inermis ni asiye na silaha, yaani mti usio na miiba. Aliyepata kuchuma hina katika mti wa zamani atalicheka jina hilo, na mkono wake utatoa ushahidi. Ukweli ni kwamba mhina ukiwa mchanga hauna miiba. Ukisha kuzeeka, ncha za vitawi hukauka na kuwa kali kama sindano. Hata Linnaeus mwenyewe alidanganyika, akadhani kwamba iko miti ya namna mbili, akauita ule wenye miiba kwa jina lingine. Baadaye wenziwe walitambua kwamba ni mti mmoja, ila umri ndio uliotofautiana.

Mhina huweza kufikia futi 20 ukiachwa, lakini wengi wa nyumbani hukatwa mara kwa mara ukabaki kama kichaka. Majani yake huota mawili mawili yakielekeana. Maua yake ni madogo, meupe au ya rangi ya maziwa, nayo yana harufu nzuri inayosikika mbali wakati wa jioni. Katika ukoo wa miti, mhina na mkomamanga ni ndugu, jambo ambalo mtu hawezi kulidhania kwa kuyatazama matunda yake, yaliyo makavu na madogo.

Mti huu si wa Pwani peke yake. Hupenda jua kali na hustahimili ukame, na katika sehemu kavu za kaskazini ya Kenya huota wenyewe kando ya mito na makorongo ambayo maji yake hupita kwa msimu. Wasomali huuita elan, na wazee wao wapakao ndevu hina mpaka zikawa nyekundu huonekana hata leo Garissa, Wajir na Mandera. Wahindi huiita mehndi, na jina letu la hina limetoka katika Kiarabu. Kila taifa kati ya hayo lina arusi zake na dawa zake za hina, na ni ajabu jinsi dawa hizo zinavyofanana.

Ukale wake hauna shaka. Katika Biblia, kitabu cha Wimbo Ulio Bora, maua ya mhina yametajwa pamoja na mashamba ya mizabibu ya Engedi. Katika Hadithi zilizokusanywa na Tirmidhi na Ibn Majah imo habari ya Salma, mtumishi wa nyumba ya Mtume Muhammad, aliyesimulia kwamba mtu alipopata jeraha au kuchomwa na mwiba aliagizwa kuweka hina mahali pale. Msomaji atazame vizuri: hapana pua iliyovuta moshi wake wala kikombe kilichonywewa. Hina ilikuwa dawa ya kuwekwa juu ya ngozi.

KITU KILICHOMO NDANI YA JANI

Jani la mhina likiwa mtini halimtii mtu rangi hata akilishika mchana kutwa. Ndani yake mna kitu kiitwacho losoni, nacho si kingi: kadiri ya sehemu moja katika mia ya uzito wa jani kavu, pengine nusu yake, pengine sehemu moja na nusu. Ili kitoke, ni lazima jani lipondwe, lirowane kwa maji yenye ukali kidogo kama yaliyotiwa ndimu, na likae saa kadhaa mahali penye joto. Ndiyo maana wapakaji wa hina hukanda rojo yao jioni wakaitumia asubuhi.

Losoni ikigusa ngozi haikai juu yake kama chokaa juu ya ukuta. Ngozi ya juu, ukucha na unywele vyote vimejengwa kwa kitu kigumu kimoja kiitwacho keratini, na losoni hushikana na keratini hiyo hata vikawa kitu kimoja. Kwanza rangi huwa ya chungwa, kisha kwa muda wa siku mbili hukolea mpaka ikawa ya kahawia au ya damu ya mzee. Sabuni haiiondoi. Hutoka pale tu ngozi yenyewe ibandukapo kidogo kidogo, baada ya wiki moja mpaka tatu; na katika ukucha hukaa mpaka ukucha ukue na kukatwa. Viganja na nyayo hushika rangi kuliko mahali pengine po pote kwa sababu ngozi yake ni nene.

Pamoja na losoni, jani lina tanini, kitu kile kile kilichomo katika magome ya mikoko ambayo zamani yalikuwa yakisafirishwa toka Lamu kwa ajili ya viwanda vya kutengenezea ngozi za wanyama. Kazi ya tanini ni kukaza. Ngozi ya mnyama ikitiwa tanini haiozi. Na ngozi ya mguu wa mtu aliye hai, ikipakwa hina, hukazwa kidogo, ikapunguza majimaji na jasho. Basi rangi na dawa hazikutengana. Mahali rangi iliposhika ndipo dawa ilipofanya kazi.

DAWA YA NYAYO

Katika matumizi yote ya hina, lililo la hakika kuliko mengine ni lile la miguu. Mtu atembeaye pekupeku juu ya mchanga wa moto au katika tope hupata magaga, yaani mipasuko ya visigino ambayo huuma, na wakati mwingine hutoa damu. Mkulima wa mpunga katika bonde la Tana, ambaye miguu yake imo majini kutwa, hupata ugonjwa mwingine: ngozi kati ya vidole huwa nyeupe, ikawasha, ikachubuka na kutoa harufu. Huo ni ugonjwa wa ukungu, ambao siku hizi watu huuita fangasi.

Dawa ya magaga hutengenezwa hivi. Majani machanga huchumwa asubuhi, kwa kuwa yana rangi kuliko yaliyokomaa, kisha huanikwa kivulini siku kadhaa mpaka yavunjike mkononi. Yakianikwa juani rangi yake ya kijani hupotea na nguvu hupungua. Hutwangwa kwenye kinu, unga ukachekechwa kwa kitambaa chepesi, kwa maana vijiti vilivyobaki humkwaruza mgonjwa penye kidonda. Unga hukandwa kwa maji ya vuguvugu na ndimu hata ukawa kama uji mzito, ukafunikwa usiku kucha.

Asubuhi miguu hulowekwa katika maji ya moto kidogo kwa robo saa, ikasuguliwa kwa jiwe la kusugulia ili ngozi iliyokufa itoke, na ikakaushwa vizuri. Hapo ndipo rojo hupakwa chini ya wayo na ndani ya mipasuko, mguu ukafungwa kitambaa safi kwa saa tatu au nne. Ikisha kuoshwa, hupakwa mafuta ya nazi au ya simsim. Jambo hili la mafuta wengi hulisahau, wakalalamika kwamba hina imewakausha zaidi. Nayo imefanya kazi yake tu, ya kukaza, na kazi ya kulainisha si yake. Ikirudiwa mara moja kwa wiki, visigino vingi hupata nafuu.

Kwa ukungu wa vidoleni, rojo hupakwa nyembamba kati ya vidole na kuachwa ikauke. Ukungu huo huishi kwa kula keratini, ile ile ambayo losoni hushikana nayo, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba maji ya majani ya mhina huzuia namna kadhaa za ukungu wa ngozi zisikue. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba chombo cha maabara si mguu wa mtu. Marashi ya ukungu yanayouzwa katika maduka ya dawa hufanya kazi kwa haraka zaidi na bei yake si kubwa. Mtu aliye mbali na duka na aanze na hina; lakini wiki mbili zikipita bila nafuu, au mguu ukivimba, aende zahanati. Mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje hata siku moja, kwa kuwa miguu yake huweza kuharibika ndani hali yeye hasikii maumivu.

Mwaka 2008 madaktari wa Uturuki waliandika habari za wagonjwa wachache wa saratani. Dawa waliyokuwa wakimeza, kapesitabini, hufanya viganja na nyayo kuwa vyekundu, vikauma na kubanduka, hata mtu hawezi kutembea. Wagonjwa hao walipakwa hina, na wengi wao wakapata nafuu. Watu wale ni wachache mno kwa kutoa hukumu, lakini wazee wa Siyu na Faza wangeisikia habari hiyo wasingeshangaa.

Nywele nazo hupata faida. Hina huondoa mafuta na kupunguza mba wa kichwani, na hufunika mvi bila kuunguza ngozi. Lakini choa cha kichwani mwa watoto, kile kiangushacho nywele kwa viduara, hakiponi kwa hina wala kwa marashi yo yote, kwa sababu ukungu umejificha ndani ya shina la unywele. Dawa yake ni ya kumeza, tena kwa wiki kadhaa, na hutolewa na mganga wa hospitali.

Wako pia wapakao hina kwenye paji la uso kwa maumivu ya kichwa, na kwenye nyayo kwa homa. Rojo yenye maji hupoza ngozi, kama vile mtungi upozavyo maji, na aliyechomwa na jua hupata raha. Lakini kama homa ni ya malaria, hina haimgusi mdudu aliye ndani ya damu, na saa zinazopotea huku mgonjwa amefungwa miguu ni saa za kupimwa damu. Huko India palikuwa na imani kwamba mgonjwa wa ndui akipakwa hina nyayoni macho yake hayatapofuka. Ndui ilitangazwa mwaka 1980 kwamba imekwisha duniani. Nayo iliondolewa na chanjo.

MTOTO MCHANGA ASIPAKWE

Katika nchi za Ghuba na sehemu nyingine za Uarabuni imekuwa desturi tangu kale kumpaka mtoto hina siku zake za mwanzo, mikono na miguu, na pengine mwili mzima, kwa kutaka ngozi yake ikomae na upele usimwingie. Pwani ya Afrika Mashariki na nchi hizo zimekuwa zikibadilishana watu, bidhaa na desturi tangu zamani za majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kwa hiyo yaliyoonekana kule yapasa kusikiwa na mama na nyanya wa huku.

Kuanzia miaka ya 1990 madaktari wa nchi hizo wameandika habari za watoto walioletwa hospitalini siku chache baada ya kupakwa hina. Macho yao yalikuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai isiyotiwa maziwa, midomo na viganja vimepauka, nao wakihema kwa shida. Baadhi yao ilibidi waongezwe damu ili waokoke. Hina waliyopakwa haikuwa na sumu ya kuchanganywa. Ilikuwa hina safi.

Sababu ni hii. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na losoni huipenya ikaingia katika damu. Chembe nyekundu za damu zina kinga yake, ambayo huendeshwa na kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD. Mwenye kimeng'enya cha kutosha haoni kitu. Lakini wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, na kwao losoni huzivunja chembe za damu kwa wingi; damu ikapungua ghafula, na uchafu wa chembe zilizovunjika ukayafanya macho kuwa manjano. Katika mtoto mchanga umanjano huo ukizidi huweza kupanda mpaka ubongoni ukaleta ulemavu wa maisha.

Upungufu huu ulitambuliwa mwaka 1956, wakati wa kutafuta kwa nini baadhi ya watu walipomeza primakwini, dawa ya malaria, damu yao ilivunjika. Hurithiwa kwa mama, na humpata zaidi mtoto wa kiume. Nao ni mwingi mno katika nchi zilizokaliwa na malaria kwa karne nyingi, kwa kuwa hao wenye upungufu hupata kinga kidogo dhidi ya malaria kali. Katika sehemu za Pwani ya Kenya kama Kilifi, zaidi ya mtoto wa kiume mmoja katika kila kumi anao. Mtoto huyo hazaliwi na alama yo yote. Hulia, hunyonya, hunenepa kama wenziwe, na mama hawezi kumtambua kwa kumtazama.

Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe hina kiganjani, wala utosini, wala kitovuni, hata kama ni kidogo na hata kama ndugu zake walipakwa wasidhurike. Kwa maana katika nyumba moja ndugu mmoja huweza kuwa nao upungufu na mwingine hana. Kitovu kina hatari ya pili pia, yaani pepopunda. Mtu mzima aliyepimwa akaambiwa kwamba ana upungufu wa G6PD naye aiepuke.

Ikiwa mtoto amekwisha kupakwa, aoshwe mara moja, na macho na mkojo wake vitazamwe kwa siku kadhaa. Akionekana manjano, akipauka au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali siku ile ile, na mwenye kumpeleka ataje kwamba alipakwa hina, bila kuona haya. Asipotaja, daktari atatafuta kwanza malaria na magonjwa mengine, na saa zitapita. Tena hina yenyewe huficha dalili: muuguzi atakapo kujua kama damu ya mtoto imepungua hutazama viganja kama vimepauka, na viganja vyenye rangi ya hina havimwambii kitu. Hapo yafaa mama aombe mtoto atazamwe ndani ya ukope na mdomoni.

Kuna jambo la kusikitisha linalofuata hilo. Katika nchi nyingi, maji yaliyochemshwa kwa gome la mhina hunyweshwa mtu mwenye macho ya manjano, kwa kudhani kwamba manjano ya mti itaondoa manjano ya mwili. Kumnywesha hina mtu ambaye damu yake inavunjika ni kuongeza kuni katika moto. Mizizi nayo tangu zamani inasifika kwa kuharibu mimba, na mwanamke mjamzito asiinywe kabisa. Gome na mizizi ya mhina si vitu vya chungu cha nyumbani.

HINA NYEUSI

Siku hizi vijana wengi hupenda nakshi nyeusi, nao huziita piko. Yapasa ieleweke kwamba hakuna jani la mhina litoalo weusi. Piko nyingi inayouzwa sasa ni unga wa kutia nywele rangi, wenye kitu kiitwacho parafenilini-diamini. Katika nchi za Ulaya sheria inaruhusu kitu hicho kitumike kwenye nywele kwa kiasi kidogo tu, na imekikataza kupakwa juu ya ngozi.

Mtu aliyepakwa aweza kukaa siku moja au mbili bila kuona kitu; kisha mahali penye nakshi hujaa malengelenge yanayofuata maua yale yale aliyochorwa, na yakipona huacha alama. Baya zaidi ni kwamba mwili wake hukikumbuka kitu hicho maisha yake yote. Miaka mingi baadaye akipaka dawa ya kufunika mvi, uso wote huvimba. Na kikimezwa huua: shingo na koo hufura, figo hushindwa kazi. Huko Sudan, ambako huchanganywa na hina ili rangi ikolee upesi, madaktari wa Khartoum walichapisha mwaka 1992 habari za watoto waliopata sumu hiyo, na baadhi yao walikufa. Mwenye unga huo nyumbani na auweke mbali na mikono ya watoto, wala asiutie katika kopo la sukari au la majani ya chai.

Kutambua hina safi si kazi ngumu. Unga wake ni wa kijani iliyofifia au kahawia, nao hunuka kama majani makavu baada ya mvua. Hutaka saa nyingi juu ya ngozi, na mara ya kwanza huacha rangi ya chungwa. Unga mweusi, au rojo iachayo weusi kwa muda wa nusu saa, si hina, hata kama karatasi yake imechorwa mti wa mhina. Aliye na mti wake nyuma ya nyumba hana haja ya kubahatisha.

KUUPANDA

Mkulima wa mahali pa joto, iwe ni Kwale, Malindi, Hola au Garissa, aweza kuupanda bila gharama. Mahali pa baridi kama Limuru haumfai. Njia nyepesi ni vipandikizi: vijiti vyenye unene wa penseli hukatwa mwanzo wa mvua na kuchomekwa ardhini, na vingi hushika. Mbegu huota kwa uvivu. Hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kisha husiwa kitaluni na kufunikwa kwa udongo kidogo mno, kwa maana ni ndogo. Miche hupelekwa shambani mvua ikikolea. Udongo wa kichanga unaopitisha maji huufaa; penye maji yanayotuama mizizi huoza.

Ukipandwa kwa mstari, huwa ua zuri lisilopenywa na mbuzi kirahisi. Huko Rajasthan katika India, hasa katika wilaya ya Pali, hupandwa mashamba makubwa kwa ajili ya majani ya kuuza, na shamba moja huweza kuvunwa kwa miaka 20 au zaidi. Kwa matumizi ya nyumba moja, mti mmoja au miwili yatosha. Mwaka wa kwanza uachwe ukue. Kuanzia wa pili, vitawi hukatwa mara moja au mbili kwa mwaka, siku kavu isiyo na mvua, na mkataji avae kitu kizito mikononi ikiwa mti ni wa zamani. Kisiki huchipuka upya, na machipukizi hayo ndiyo yenye majani mazuri kuliko yote.